Hemu ya rojo tamu: chungu cha umeme, oveni, au vyote viwili?

Kupika hemu ya rojo tamu ni kazi mbili zilizobebana. Ya kwanza ni kupasha paja la nguruwe la kilo tatu au nne mpaka katikati bila kulikausha. Ya pili ni kugandisha rojo la sukari juu yake mpaka ling'ae, linate na kuwa la kahawia. Chungu cha umeme cha kupikia polepole, ambacho Marekani watu wamezoea kukiita Crock-Pot kwa jina la chapa iliyoingia sokoni mwaka 1971, hufanya kazi ya kwanza vizuri kuliko oveni. Ya pili hakiiwezi. Hata ukikiwasha kwenye joto la juu, ndani yake joto huishia karibu na nyuzi 98 za Selsiasi, na hewa imejaa mvuke. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 160 hivi, tena mahali pakavu. Ukiiacha hemu humo kutwa nzima, itazidi kulainika, lakini ngozi ile ya sukari haitatokea.

Ukilishika hilo, kuchagua kunakuwa rahisi. Lakini kabla ya chombo, angalia nyama yenyewe.

Lebo inasema nini

Hemu nyingi zinazouzwa Marekani kuelekea Krismasi na Pasaka zimeshaiva kiwandani: zimedungwa maji ya chumvi, zikafukizwa moshi, zikapikwa. Hapo unapasha tu, na katikati inatakiwa kufika nyuzi 60. Kama lebo inasema ipikwe kabla ya kuliwa, basi hiyo ni mbichi hata ikiwa ina harufu ya moshi. Ipeleke hadi nyuzi 63, kisha iache itulie dakika 3 au zaidi kabla ya kukata. Hemu iliyoiva ambayo imefungwa upya dukani, nje ya kiwanda kilichokaguliwa, ipashe hadi nyuzi 74.

Usiamue kwa rangi. Nitriti inayotumika kuhifadhi nyama hii huifanya ibaki ya waridi iwe mbichi au imeiva. Unachohitaji ni kipimajoto cha nyama, na ncha yake iingie kwenye sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa, kwa sababu karibu na mfupa kipimo hudanganya.

Lebo za Marekani pia hutaja maji yaliyobaki ndani ya nyama. Madaraja ni manne: hemu tupu, hemu yenye maji yake ya asili, hemu iliyoongezwa maji, na la mwisho ambalo huandikwa waziwazi kuwa ni mchanganyiko wa hemu na maji. Ukitoa mafuta, protini hushuka kutoka asilimia 20.5 kwenye la kwanza hadi 18.5, kisha 17, na la nne liko chini ya hapo. Kwa mtumiaji wa chungu cha umeme hili ni jambo zito. Hemu ya madaraja mawili ya mwisho humwaga maji mengi ya chumvi, na kwa kuwa kifuniko hakiruhusu mvuke kutoka, maji hayo hubaki chini na nyama hukaa ndani yake. Rojo lolote ulilopaka mapema huyeyukia humo. Ukiwa na hela ya kuchagua, nunua daraja la kwanza au la pili, yenye mfupa.

Aina moja usiiweke kabisa kwenye chungu hiki: hemu kavu ya mashambani ya Virginia, Kentucky, Tennessee na North Carolina. Hiyo hukandwa chumvi na kuning'inizwa kwa miezi mingi. Huhitaji kulowekwa kwenye friji kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, kisha kupikwa kwenye maji mengi ya kuivuta chumvi. Ukiipika na kikombe kimoja cha juisi, chumvi haina pa kwenda.

Nchini Uingereza mambo ni tofauti. Huko nyama hii ikiwa mbichi huitwa gamoni, na ikishapikwa ndipo huitwa hemu. Ukifuata maelekezo ya Marekani ya kupasha tu kwa gamoni, utaandaa nyama mbichi mezani. Gamoni ina sehemu yake hapo chini.

Chungu cha umeme peke yake

Huu ni uchaguzi mzuri kwa nyumba yenye oveni moja ambayo siku ya sikukuu imeshashikwa na bata mzinga, viazi na keki. Chungu cha lita 5.7 chenye umbo la yai hubeba hemu ya kilo 3.2 hadi 3.6. Cha duara cha ukubwa huohuo hubeba ndogo zaidi, maana mfupa hugonga ukingo. Nusu ya chini ya paja, upande wa muundi, ina mfupa mmoja ulionyooka. Ni rahisi kukata lakini ncha yake hutokeza juu. Nusu ya juu, upande wa nyonga, ina nyama nyingi na umbo fupi linalokaa vizuri chunguni, ila mfupa wake umepinda na humsumbua mkataji.

Weka hemu upande uliokatwa ukiwa chini. Mimina mililita 120 hadi 240 za juisi ya nanasi, ya tufaha au maji, basi. Washa joto la chini. Hemu ya kilo 3.5 iliyoiva kiwandani huchukua saa 4 hadi 6. Anza kupima saa ya nne. Usiipashe kwa kitufe cha kutunza joto, kwa sababu hicho kimetengenezwa kwa chakula ambacho tayari ni cha moto. Nyama iliyotoka friji itakaa mno kati ya nyuzi 4 na 60, mahali bakteria hustawi. Kwa sababu hiyohiyo usiweke hemu iliyoganda kwa barafu.

Kifuniko kisipofunga, usikilazimishe na usiweke kijiko katikati. Funika kwa foili mbili zilizokunjwa kwa nguvu kuzunguka ukingo, mvuke usipate mwanya. Na usichungulie ovyo: kila ukifunua, joto hupotea na unaongeza dakika 20 hadi 30.

Nyama itakayotoka ni laini na yenye maji. Juu itakuwa tamu, lakini laini na ya rangi hafifu. Kama huna oveni kabisa, usijaribu kugandisha rojo ndani ya chungu. Chuja kikombe kimoja cha maji ya chini, ondoa mafuta, changanya na gramu 100 za sukari ya kahawia, weka jikoni na ukoroge pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi uliovurugwa kwenye vijiko viwili vya maji baridi. Likichemka dakika moja linakuwa zito. Mimina juu ya vipande wakati wa kupakua. Huo ni mchuzi mzito mtamu, na ni mzuri kwa haki yake.

Oveni peke yake

Oveni inafaa paja zima la kilo 6 au zaidi, ambalo hakuna chungu cha nyumbani kinachoweza kulibeba, na inamfaa anayetaka rojo lenye tabaka kadhaa. Joto ni nyuzi 163, usishuke hapo. Nusu paja lenye mfupa lililoiva kiwandani huhitaji dakika 40 hadi 53 kwa kila kilo, maana yake hemu ya kilo 3.5 huchukua kama saa 2 na dakika 20 hadi saa 3. Lililo bichi huhitaji dakika 48 hadi 55 kwa kilo.

Ubaya wake ni ukavu. Hewa ya oveni hunyonya maji ya nje ya nyama kwa saa zote hizo, huku katikati bado pako nyuma. Dawa ni trei yenye kikombe kimoja au viwili vya maji, hemu ikae upande uliokatwa ukiwa chini, na foili ifunike kila kitu kwa kubana. Foili hutolewa dakika 20 hadi 30 za mwisho tu, wakati wa rojo.

Wengi hupaka rojo mwanzoni ili "likolee". Halikolei. Sukari haipenyi nyama kwa kina cha maana, na baada ya saa nzima trei inakuwa na lami nyeusi yenye uchungu. Asali huungua mapema kuliko sukari ya miwa kwa sababu ina fruktosi nyingi, kwa hiyo rojo la asali lipakwe mwisho kabisa.

Chungu kisha oveni

Kwa hemu ya kilo 3 hadi 4 iliyoiva, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa watu wengi. Oveni inashikwa dakika 20 tu, na unapata nyama ya chungu na ngozi ya oveni.

Pasha chunguni hadi nyuzi 57 hivi badala ya 60, kwa sababu oveni itamalizia. Itoe kwa kutumia miiko miwili mipana, moja kila upande, maana nyama iliyolainika humeguka ukiishika na uma. Iweke kwenye trei iliyotandikwa foili. Usihamishe chungu chenyewe cha udongo kwenda chini ya grili: vyungu vingi vya aina hiyo havikutengenezwa kwa moto wa moja kwa moja na vinaweza kupasuka.

Sasa subiri. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu. Nyama iliyotoka chunguni imelowa, na rojo likipakwa juu ya maji huteleza hadi kwenye trei. Iache dakika 10 mvuke utoke, kisha ikaushe kwa karatasi za jikoni, ukibonyeza pole bila kusugua. Kama bado ina ngozi ngumu, ichune sasa. Hutoka kwa urahisi ikiwa ya moto. Bakiza mafuta ya milimita 5. Chora mistari ya mshazari kwenye mafuta, kila mmoja ukiwa sentimita 2 hadi 3 kutoka mwenzake, kisha mingine ya kukatiza. Kisu kisifike kwenye nyama, la sivyo maji yatatoka na kulifumua rojo.

Oveni iwe imefika nyuzi 220. Paka nusu ya rojo, dakika 8. Paka iliyobaki, dakika 7 hadi 10. Usiondoke jikoni. Dakika tatu za mwisho ndizo zinazotenganisha kahawia na nyeusi, na ukitumia grili ya juu badala ya oveni, muda huo ni mfupi zaidi. Kisha ipumzishe dakika 15.

| | Chungu peke yake | Oveni peke yake | Chungu kisha oveni |
|---|---|---|---|
| Muda, kilo 3.5 iliyoiva | Saa 4–6 | Saa 2:20 hadi saa 3 | Saa 4–6, kisha dakika 15–20 |
| Ukubwa wa mwisho | Kilo 3.6 (chungu cha lita 5.7) | Paja zima | Kilo 3.6 (chungu cha lita 5.7) |
| Nyama | Laini, yenye maji | Hukauka nje usipofunika | Laini, yenye maji |
| Rojo | Mchuzi tu | Linaganda, linang'aa | Linaganda, linang'aa |
| Hatari kubwa | Kulowa na chumvi ya maji ya chini | Ukavu na sukari kuungua | Rojo kuteleza kama hukukausha |

Iliyokatwa kwa mzunguko

Hemu iliyokwisha kukatwa vipande vyembamba kuzunguka mfupa, kwa mtambo ambao Harry Hoenselaar wa Detroit alipata hataza yake mwaka 1952, inahitaji uamuzi wake. Vipande tayari vimefunguka, kwa hiyo maji yana njia nyingi za kutokea. Kwenye oveni ndiyo hukauka kuliko zote. Chungu kinaifaa zaidi, lakini kwa muda mfupi: joto la chini, anza kupima baada ya saa 3. Ukiipitisha, vipande huachana na mfupa na unabaki na lundo. Ukitaka kuimalizia kwenye oveni, paka rojo nje tu. Rojo jingi likiingia kati ya vipande, kila kipande kinakuwa kitamu na cha chumvi mno kwa pamoja.

Rojo lenyewe

Kwa kilo 3.5: sukari ya kahawia gramu 200, juisi ya nanasi mililita 120, haradali vijiko vikubwa 2, siki ya tufaha kijiko kikubwa 1, karafuu ya unga robo ya kijiko cha chai. Usiweke chumvi. Usizidishe karafuu pia, hasa zile mbichi-mbichi za Pemba na Unguja zenye mafuta mengi: nusu kijiko tayari hutia uchungu na kufanya ulimi ufe ganzi.

Chemsha kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Utajua limefika hivi: chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi bila rojo kurudi kuuziba, zima. Litaonekana jepesi bado, lakini hukaza likipoa. Ukingoja lionekane zito likiwa jikoni, litakuwa limepita na litapakika kama gundi. Likikaza sana, ongeza kijiko kimoja cha juisi na ulipashe.

Ukitaka kutumia maji ya chunguni badala ya juisi, yaonje kwanza. Ukichemsha hadi nusu ipungue, ukali wa chumvi unakuwa maradufu.

Kuhusu nanasi: vipande vya kopo havina shida, kwa sababu vimeshapita motoni. Nanasi bichi lina kimeng'enya cha bromelini kinachovunja protini, nacho hufanya kazi kwa bidii zaidi kwenye joto la vuguvugu. Chungu cha umeme hupitia joto hilo polepole mno. Vipande vibichi vikilala juu ya hemu saa mbili za mwanzo, sehemu vilipogusa huwa tope. Viweke saa ya mwisho, au vichemshe dakika chache kwanza.

Gamoni: chungu au sufuria

Kwa gamoni mbichi ushindani uko kati ya chungu cha umeme na sufuria ya kawaida. Sufuria ina faida moja kubwa: maji mengi huvuta chumvi. Weka gamoni kwenye maji baridi, yakichemka yamwage kama ni ya moshi au ya chumvi kali, weka mengine pamoja na kitunguu, jani la bei na punje za pilipili manga, kisha acha yatokote polepole. Hesabu ya Waingereza ni dakika 20 kwa kila gramu 450, na dakika 20 za ziada. Kilo 1.5 inafika saa moja na nusu hivi. Maji yakichemka kwa nguvu nyuzi za nyama hukaza.

Chungu cha umeme huchukua saa 6 hadi 8 kwa joto la chini kwa kilo 1.5 hadi 2. Hutoa nyama laini zaidi, ila chumvi hubaki, kwa hiyo loweka gamoni usiku mzima kwenye friji au ichemshe mara moja na kumwaga maji. Kimiminika kiwe juisi ya tufaha au Coca-Cola, ambayo Waingereza wengi huipenda kwa kazi hii, kifike nusu ya nyama. Njia zote mbili huishia kwenye oveni ya nyuzi 200 hadi 220 kwa dakika 20 hadi 30 za rojo. Kama uko nyumbani na gamoni ni ndogo, sufuria inatosha. Ukienda kazini mchana, chungu.

Ukipikia Nairobi au Dar es Salaam

Chungu kilichonunuliwa Marekani kimetengenezwa kwa volti 120. Kenya ni 240 na Tanzania 230. Ukikichomeka moja kwa moja kwa adapta ya plagi tu, kinavuta karibu mara nne ya nguvu yake na koili huungua. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati 500 kwa chungu cha wati 250. Kilichotoka Uingereza hakina tatizo, hata plagi yake ya pini tatu za mraba ni ileile.

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na maji huko huchemka karibu na nyuzi 94. Sufuria na chungu vyote viwili hupoteza nyuzi kadhaa, kwa hiyo gamoni huchelewa. Fuata kipimajoto, saa zilizoandikwa ni za usawa wa bahari. Mombasa na Dar hazina tofauti hiyo.

Kwa bili ya umeme, chungu cha wati 250 kikiwaka saa 5 kinatumia yuniti 1.25 kwa hesabu ya juu kabisa, wakati koili ya oveni peke yake mara nyingi ni wati 2,000 au zaidi, ingawa huzima na kuwaka.

Nyama iliyobaki iingie friji ndani ya saa 2, ikiwa imetolewa kwenye mfupa, iliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Mfupa uweke kwenye maharage ya kesho, bila chumvi nyingine mpaka uonje mwishoni.